Ajenda ya Tatu

Wanaoikumbuka Hananasif ya miaka ya tisini hukumbuka kwanza maji. Mimi nakumbuka zaidi mikutano. Mradi wa kujenga mtaro wa maji ya mvua ulipokuwa hai, kila mwaka chama chetu cha maendeleo kilituita kwenye uwanja wa shule, kikatusomea kilichofanyika tangu mwaka uliopita na kilichokusudiwa kwa mwaka unaofuata. Tulikaa kwenye madawati ya wanafunzi, magoti yakigusa kidevu, tukabishana mpaka adhana ya magharibi. Niliingia mikutanoni nikiwa mpangaji anayeponda kokoto. Baadaye nikawa mwandishi wa muhtasari, na kaunta buku mbili za enzi hizo bado ninazo. Nikizisoma leo naona kwamba kazi ya pale uwanjani ilikuwa kubwa kuliko mtaro wenyewe, na ndiyo iliyosahaulika mapema.

Siku hizo jina la mtaa liliandikwa Hanna Nassif, maneno mawili. Eneo liko Kinondoni, Dar es Salaam, likiteremka kuelekea bonde la Mto Msimbazi, na ng'ambo ya bonde ni Upanga na Muhimbili. Ukaribu na mjini ndio uliotuleta wengi. Mtu wa Kariakoo akiishiwa nauli alirudi kwa miguu na jua halijazama. Nyumba zilikuwa zile za Kiswahili: vyumba pande mbili, ukumbi katikati, ua nyuma wenye jiko na choo cha shimo. Kila chumba kilikuwa na familia yake. Kati ya nyumba na nyumba palibaki kichochoro cha kupita mtu na ndoo, na maiti alipotoka nyumba za ndani ilibidi jeneza liinamishwe kwenye kona.

Masika yalipofika, maji ya Kinondoni ya juu yalitafuta njia ya kwenda Msimbazi, na njia ilikuwa sisi. Yaliingia mlango wa mbele yakatokea uani. Tuliinua vitanda juu ya matofali. Wenye vyoo vilivyojaa waliisubiri mvua kubwa ya usiku, wakavitapisha, asubuhi kila mtu akanyamaza kana kwamba hakuna aliyesikia harufu. Watoto walicheza katika maji hayohayo, na kipindupindu hakikuwa mgeni kwetu.

Jiji lilijua. Lakini serikali za mitaa, zilizofutwa mwaka 1972 na kurudishwa mijini mwaka 1978, zilirudi na majengo na mihuri. Fedha zilibaki huko zilikokwenda. Ukibahatika kupokelewa na ofisa, jibu lilikuwa fupi: eneo lenu halijapimwa. Maana yake barabara haiji, mtaro hauji, bomba haliji. Sehemu kubwa ya wakazi wa Dar es Salaam walikuwa wakiishi katika maeneo kama letu, kwa hiyo jibu hilo lilitolewa kwa wengi wa jiji, wala si kwa watu wachache waliojenga pembeni.

Mradi uliokuja mwaka 1994 ulikuwa na wafadhili na wataalamu wa kutosha: Shirika la Kazi Duniani, Ford Foundation, wasomi wa Chuo cha Ardhi, watu wa serikali. Mimi nakumbuka sharti lao kuliko magari yao. Walisema wakazi wawe na chombo chao walichokichagua wenyewe, chenye uwezo wa kutia saini mkataba, kusimamia kazi, kukusanya michango na kuutunza mtaro wahisani watakapoondoka. Sharti hilo lilituweka pagumu. Mpaka wakati huo aliyezungumza kwa niaba ya wananchi alikuwa balozi wa nyumba kumi, naye alikuwa wa chama tawala. Vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa mwaka 1992, na mwaka uleule wa 1994 nchi ikafanya uchaguzi wa kwanza wa serikali za mitaa chini ya mfumo huo. Katika ua mmoja ungekuta mtu wa CCM, wa CUF na wa NCCR wakichotea maji pipa moja. Chombo kipya kilitakiwa kiwe cha wote watatu.

Kilipatikana kwa kelele. Wazee walitaka wajumbe wawe wenye nyumba tu, kwa hoja kwamba mpangaji leo yupo kesho kahama. Mama mmoja muuza vitumbua akasimama, akauliza ni nani anayefagia maji usiku nyumba inapojaa, mwenye nyumba aishiye Ilala au mpangaji? Watu walicheka, lakini hoja ilipita. Wapangaji tukapiga kura kwa kunyoosha mikono, na baadhi yetu tukachaguliwa. Tulikubaliana pia kwamba kofia na kanga za vyama hazitavaliwa mkutanoni. Kanga zilikuwa ngumu kuzizuia, kwa sababu baadhi ya akina mama walikuwa na ile ya kampeni tu.

Kazi ya kuchimba ilifanywa na wakazi kwa ujira. Hilo liliwashangaza wengi, kwa kuwa neno "maendeleo ya jamii" lilikuwa limetuzoesha kufanya kazi ya bure siku ya Jumamosi. Hapa jamii ndiyo iliyokuwa mkandarasi: chama kilitia saini, chama kikaajiri, chama kikalipa. Kila mtu alipewa kipimo chake cha siku. Ukimaliza kuchimba urefu wako au kuponda debe zako za kokoto, unakwenda zako. Wanaume walisema sururu haitawezwa na wanawake. Kwa kazi ya kipimo maneno hayo hayakudumu, maana aliyemaliza saa nne alionekana na aliyekuwa bado shimoni saa nane alionekana pia. Nilianza na kokoto, nikaenda kwenye zege, nikarudi kwenye kokoto nilipokuwa mjamzito.

Kilichokuwa kigumu kuliko mawe ni njia ya kupitishia mtaro. Hakukuwa na fungu la fidia. Ukuta wa mtu, choo cha mtu, banda la kuku la mtu, vyote vilisimama pale ambapo fundi sanifu alikuwa amechomeka vigingi vyake. Wajumbe walikwenda nyumba hadi nyumba jioni, wakanywa chai nyingi. Mzee mmoja alikataa katakata mtaro kupita ubavuni kwa choo chake. Hakutukana, hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba choo kile alikijenga kwa kiinua mgongo chake. Wajumbe wakarudi mara nyingi. Mwisho aliyemwambia jambo lililomgusa alikuwa jirani yake wa chini, mjane, ambaye kila masika maji ya choo hicho yaliishia chumbani kwake. Alikuwa hajawahi kulisema. Mzee akaomba apewe wiki moja, akakibomoa mwenyewe, na chama kikamsaidia mafundi wa kujenga kingine upande wa pili wa ua.

Sasa mikutano yenyewe. Ajenda zilikuwa zilezile kila mwaka. Kwanza kufungua. Pili kusoma na kuthibitisha muhtasari wa mkutano uliopita. Tatu yatokanayo. Nne taarifa ya mwaka, tano mapato na matumizi, sita malengo ya mwaka ujao, saba mengineyo, nane kufunga. Mtu yeyote aliyewahi kukaa katika kamati ya harusi, msikiti, kanisa au chama cha ushirika anaujua mpangilio huu. Wengi huipita ajenda ya tatu kwa dakika mbili. Kwetu ilichukua nusu ya mkutano, na sababu ni namna ilivyofanywa.

Katibu wetu wa kwanza, mtu mpole aliyewahi kuwa karani wa bandari, alibandika ukutani karatasi za manila. Alizigawa safu tatu kwa kalamu nene. Katika ya kwanza aliandika kila kilichoahidiwa mwaka jana, neno kwa neno kama kilivyo kwenye muhtasari. Ya pili ilieleza hali yake. Ya tatu ilikuwa na jina la mtu aliyekabidhiwa jambo hilo. Kisha alisoma mstari mmoja mmoja, na mwenye jina akasimama. Hakuna aliyejibu kwa niaba ya mwenzake. Kama jambo halikufanyika, mwenye jina alisema sababu mbele ya watu anaokutana nao asubuhi wanapopiga mswaki uani.

Nimehudhuria semina nyingi baadaye, zenye vitambulisho vya shingoni na chakula cha mchana, ambazo mada yake ilikuwa uwajibikaji. Sijaona zoezi lililolishinda lile la manila.

Katika ajenda hiyo wapangaji tulipigana vita vyetu. Mwaka wa kwanza malengo yalisema kila nyumba ichangie matunzo ya mtaro. Wenye nyumba wengi waliligawa fungu lao kwa wapangaji, chumba kwa chumba, kisha maji yalipoacha kuingia ndani wakapandisha kodi, kwa kuwa sasa nyumba ilikuwa kavu na gari lilifika mlangoni. Tulilipa mara mbili. Nilisimama nikasema hivyo, nikitetemeka, na kaunta buku inaonyesha mjadala uliendelea mpaka mwenyekiti akaomba mapumziko ya sala ya alasiri. Azimio lilisema mchango ni wa mwenye nyumba. Kodi, alisema mwenyekiti, si mamlaka ya chama, na hapo alikuwa sahihi ingawa jibu halikunifurahisha. Majirani wangu wawili walihamia Mbagala kabla ya mwaka kuisha. Watu wanaoandika juu ya kuboresha makazi hawapaswi kulipita jambo hili. Mtaro mzuri huongeza thamani ya nyumba, na thamani hiyo hutoka mfukoni mwa anayelala humo.

Mwaka 1996 serikali ililivunja baraza la jiji na kuiweka Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Mjini watu walishangilia, maana barabara zilianza kuzibwa mashimo na vibanda vya barabarani vikaondolewa. Kwetu lilizuka tatizo la makaratasi. Barua tulizowahi kuandika zilikuwa mikononi mwa maofisa waliokwishahamishwa, na madiwani tuliowasumbua hawakuwa madiwani tena. Katibu alizinakili zote upya kwa mkono, akazipeleka kwa wakubwa wapya, na kwenye manila ya mwaka huo mistari kadhaa iliandikwa "imeanza upya".

Awamu ya pili ilianza mwaka 1997, na safari hii malengo yalijumuisha maji ya kunywa na mitaro zaidi. Kabla ya hapo tulinunua kwa wenye mikokoteni, kwa bei ya siku na kwa maneno ya kejeli. Vilijengwa vioski, kila kimoja na mhudumu wake aliyelipwa kutokana na mauzo. Fedha za ndoo zilikuwa ndogo na nyingi, na hesabu zake zilikuwa ngumu kuliko za mtaro. Mkutanoni watu walitaka namba mbili zisomwe pamoja: dira ya maji imesoma ngapi, na sanduku limepokea ngapi. Mhudumu aliyeshindwa kueleza tofauti hakufukuzwa papo hapo. Alipewa mwezi wa kujieleza. Wengine walieleza vizuri, bomba lilivuja chini ya ardhi. Wengine waliacha kazi wenyewe.

Mwaka huohuo, mwishoni, ilikuja El Niño. Mvua ilinyesha katika miezi ambayo Dar es Salaam haikuizoea, ikaendelea hadi mwaka 1998. Madaraja yalikatika nchini, njia za reli zilisombwa, kipindupindu kikaenea jijini. Usiku wa kwanza wa mvua kubwa tulitoka na tochi kuutazama mtaro. Maji yalikuja yakinguruma, yakajaa hadi karibu na mdomo, yakapita. Katika nyumba niliyokuwa nikiishi sakafu ilibaki kavu. Mzee aliyebomoa choo chake alisimama barazani kwake na mwavuli, akawaambia vijana kwamba kiinua mgongo chake kimekwenda mahali pazuri.

Taarifa ya mwaka uliofuata ingeweza kuwa ya kujipongeza tu. Lakini ajenda ya tatu ilikuwa na mstari uliotusumbua tangu mwanzo: kusafisha mtaro. Kila mwaka tuliazimia usafishwe kila mwezi, na kila mwaka hali yake ilisomwa kwamba "inaendelea". Ukweli ni kwamba ulisafishwa mvua ilipokaribia. Siku nyingine ulikuwa jalala lenye kingo za zege. Watu waliokuwa tayari kuponda mawe kwa jua hawakuwa tayari kuzoa mifuko ya jirani, nami sikuwa tofauti nao. Nafuu ilikuja kupitia KIMWODA, kikundi cha akina mama wa Kinondoni Moscow waliofanya uzoaji wa taka kuwa kazi rasmi, kwa ada ya kila kaya. Walidharauliwa mwanzoni. Walipogoma kupita kwa wasiolipa, dharau zikapungua. Mkutanoni chama kilikubali kwamba matunzo ya mtaro na uzoaji wa taka ni kazi moja, jambo ambalo wale akina mama walikuwa wamelisema muda mrefu.

Mwaka 2000 mengi yalifika mwisho kwa pamoja. Awamu ya pili ilikamilika. Tume ikamaliza muda wake, jiji likagawanywa katika manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke, tukawa na madiwani tena. Wahisani walifanya hafla nzuri ya kuaga. Mkutano wa mwaka huo ulijaa kuliko yote niliyowahi kuandikia muhtasari, na malengo yake yalikuwa marefu kuliko yote: kukarabati barabara za ndani, kuongeza vioski, kulipa mlinzi wa mtaro. Safu ya tatu, ile ya majina, ndiyo iliyokuwa na mapengo. Katibu wa zamani alikuwa ameshazeeka na kurudi kwao. Majina mapya yalikuwa ya vyeo: "kamati", "ofisi ya mtaa", "manispaa". Vyeo havipigi mswaki uani.

Baada ya hapo mahudhurio yalipungua mwaka hadi mwaka. Hakukuwa na ugomvi mkubwa wala kashfa ambayo ningeweza kuisimulia. Wenye nyumba wengi wa awali waliuza kwa watu wenye uwezo, zikajengwa kuta ndefu na mageti, na wapangaji wa vyumba wakasogea Mbagala, Kimara na Tegeta. Mgeni aliyenunua nyumba iliyo kavu hakujua kwa nini ni kavu. Kwake mtaro ulikuwa kitu kilichokuwepo tu, kama mnazi. Ukimwambia achangie usafi wake, alikuonyesha risiti ya kodi ya majengo, na sikuweza kumlaumu sana.

Kuna jambo ambalo halimo katika kaunta buku zangu zote mbili. Mtaro wetu ulimwaga maji yake Msimbazi, na chini kabisa bondeni kulikuwa na watu. Katika malengo ya mwaka wowote sikuandika mstari unaowahusu, kwa kuwa hakuna aliyeutoa, hata wao wenyewe walipokuwa wamekaa nasi. Desemba 2011 mafuriko makubwa yalilikumba bonde hilo, watu zaidi ya 40 wakafa jijini, na manusura wakapewa viwanja Mabwepande, mbali na kazi zao. Desemba 2015 tingatinga zilifika Mkwajuni na maeneo ya bondeni kwetu, nyumba zikavunjwa kwa maelezo kwamba zimo ndani ya hifadhi ya mto. Niliwaona watu niliopokezana nao karai za zege wamekaa juu ya magodoro kando ya barabara. Chama kilichokuwa kimezoea kuuliza "hili kakabidhiwa nani" hakikuwepo tena kuuliza waende wapi.

Sasa kuna mradi mkubwa wa bonde zima la Msimbazi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Wahandisi wake wana picha za satelaiti, nasi tulikuwa na vigingi na kamba. Nawatakia heri. Utaratibu wa kusomewa ahadi za mwaka jana, mstari kwa mstari, mbele ya majirani, hauhitaji mkopo.

Novemba 2024 tulichagua tena wenyeviti na wajumbe wa mitaa kote Tanzania Bara. Wengi wao walituahidi taa, mitaro na ulinzi shirikishi, na baadhi ya ahadi hizo niliziandika. Mtaani kwako nawe ukiitwa mkutanoni, usiondoke baada ya taarifa ya mapato. Omba muhtasari uliopita usomwe wote, uliza kila ahadi imefikia wapi, na kila jibu lililosema "ofisi inashughulikia" lipewe jina la mtu kabla mwenyekiti hajahamia ajenda ya nne.